Kiambaza cha Kaskazini

Mkesha wa Mtakatifu Yohana
Mvua. Nyasi tulizofyeka kwa ajili ya mifugo zimelala shambani na hazikauki. Mchukuzi wa chumvi aliyepita leo anasema Uingereza yote inalowa, tangu kusini hadi hapa kwetu Holmeswell. Nimejiwekea vipande vya ngozi ya kuandikia vilivyobaki nilipokuwa nikikata hati za bwana wa kijiji. Ni vyembamba mno kwa kazi ya maana. Nitaandika humu yale nisiyothubutu kumwambia mtu.

Siku ya pili baada ya Mtakatifu Yohana
Asubuhi niliwasomea watu majina ya wanaotakiwa kwenye nyasi za bwana. Bwana Drogo, msimamizi wetu, alisimama nyuma yangu. Akisimama nyuma yangu sauti yangu inakuwa nyembamba, na watu wanaijua.

Aylwin alitoka kwenye kundi, kofia mkononi. Alikuja huku miaka michache iliyopita akichunga kondoo wa watu kutoka vilimani, akamwoa Isolda, akabaki. Ardhi wanayolima si yake. Ni ya Isolda, aliyoachiwa na baba yake, pamoja na bonde la majani kando ya mto ambalo kila mtu hapa analitamani. Ni ardhi huru, lakini siku za nyasi hata walio huru humfanyia bwana kazi.

"Karani Piers," alisema, "kiambaza chetu cha kaskazini kiliporomoka jana. Udongo wote umekwenda na maji, zimebaki fito. Nimetundika ngozi za kondoo. Nipe siku mbili nikandike, maana Isolda yuko karibu kujifungua."

"Baada ya nyasi," nilimjibu.

"Nyasi zipi, karani? Ule mchuzi?"

Watu walicheka. Nilimtazama Bwana Drogo, naye akanitazama kama mtu anayengoja kuona kama nguzo itakaa. Nikalisoma jina la Aylwin mara ya pili, kwa nguvu zaidi. Akavaa kofia, akaenda.

Ni mtu mwenye mdomo. Sidhani nilikosea.

Petro na Paulo
Mvua. Wino haukauki.

Jumanne baada ya Petro na Paulo
Nitaandika polepole.

Bwana Drogo alinituma kutazama mto umepanda kiasi gani kwenye bonde la Isolda. Nilipofika karibu na nyumba, mvua ilinijia kama ndoo iliyomwagwa, nikakimbilia chini ya upenu, upande wa kaskazini. Nilijibanza pale kwenye ngozi za kondoo. Kutoka ndani nilimsikia Isolda, na nikajua niko mahali nisipostahili kuwapo, lakini mvua ilinizuia. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, na Bibi Sabina mkunga alikuwa amefungua kila kisanduku na kila fundo ndani ya nyumba, kama wanavyofanya uzazi ukiwa mgumu. Aylwin alikuwa kwenye nyasi.

Kisha mtoto akalia. Mara moja, kilio kirefu chenye hasira, halafu vingine viwili vifupi.

Bibi Sabina alisogeza ngozi akachungulia. Mikono yake ilikuwa na damu hadi viwiko.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, bibi. Piers."

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi usisimame hapo kama kigingi. Kimbia kwa baba yake, mwambie ana binti."

Nilikimbia. Nilimkuta amezama matopeni hadi magotini, anageuza nyasi nyeusi. Nikamwambia, "Una binti." Alinishika kichwa kwa mikono yake miwili, yenye matope, akanibusu kwenye paji la uso mbele ya wote. Wakamtania kwamba sasa ameoa karani. Tukarudi mbio, yeye mbele yangu.

Bibi Sabina alikuwa ameketi kizingitini. Hakuinuka.

Alhamisi
Wamezikwa pamoja, mtoto mikononi mwa mama. Bibi Sabina mwenyewe alimbatiza mtoto alipoona anabadilika rangi, na Padre Odo amekubali ubatizo. Kaburi lilikuwa limejaa maji. Wanaume wawili waliyachota kwa ndoo huku padre akisoma.

Jumapili
Aylwin amekandika kiambaza. Peke yake, mvuani, chini ya turubai la ngozi zile zile. Kila alipomaliza sehemu iliteremka, akaanza upya. Hakuna aliyemsaidia, wala hakuomba.

Mtakatifu Swithin
Mvua.

Siku ya Maria Magdalena
Warin amekuja. Ni baba mdogo wa marehemu Isolda, anakaa mbali, upande wa pili wa msitu. Hatukumwona mazishini. Alikula na Bwana Drogo, nami nikawamiminia pombe ya shayiri, na walizungumza kana kwamba mimi ni mtungi.

Nitaiandika sheria jinsi nilivyofundishwa, ili nisije nikajidanganya baadaye. Mwanamke mwenye ardhi akifa bila mtoto, ardhi inarudi kwa watu wa baba yake. Lakini akiwa amezaa mtoto hai, hata kama mtoto huyo ameishi muda wa kupumua tu, mume anabaki kwenye ardhi hadi kufa kwake. Na uhai wa mtoto unathibitishwa kwa jambo moja: kilio chake kiwe kimesikika ndani ya kuta nne. Kisikiwe na mwanamume, maana mahakama ya mfalme haipokei neno la mwanamke kuhusu chumba ambamo wanawake peke yao huingia.

Warin anasema mtoto alizaliwa maiti. Akishinda, atampa bwana wetu lile bonde.

"Mkunga atapiga kelele," alisema Warin.

"Apige," alisema Bwana Drogo. "Baba mtu alikuwa kwenye nyasi zangu."

Halafu akanigeukia, kwa upole kabisa. "Piers, nawe siku ile ulikuwa wapi?"

"Mtoni, bwana. Kama ulivyoniagiza."

"Mvua ilikuwa kubwa."

"Kubwa sana, bwana."

"Mtu hawezi kusikia kitu kwenye mvua kama ile."

Halikuwa swali. Nilimimina pombe. Nilimwaga kidogo mezani, naye akaifuta kwa mkono wake mwenyewe.

Mtakatifu Yakobo
Sikulala vizuri. Chumba changu, chakula changu, joho langu, vyote ni vya Bwana Drogo. Ndiye aliyenitoa shuleni kwa watawa na kunipa kazi. Watawa hawatanipokea tena, na baba yangu ana wana wengine wa kulisha.

Sikukuu ya Mkate wa Kwanza
Padre amebariki mkate wa ngano mpya. Ngano ilikaushwa kwenye tanuri kabla ya kusagwa, na bado mkate ulinata kwenye meno kama gundi. Tuliumeza tukasema amina.

Aylwin alinisubiri nje ya kanisa. Amekonda.

"Afisa wa mfalme ameniletea wito," alisema. "Hakimu anakuja mji wa Askeby baada ya Kuzaliwa kwa Bikira. Wanasema binti yangu hakulia."

"Nimesikia habari hiyo."

"Wewe ndiye uliyeniambia nina binti."

Watu walikuwa wakipita. Nilisema mambo kama haya hayafai kusemwa njiani.

"Basi niambie yasemwe wapi nije huko."

Nilimwambia nina kazi. Alinitazama nikiondoka. Sikugeuka, lakini shingo ilijua.

Jumatatu
Mvua.

Jumanne
Mvua. Mashuke ya shayiri yameanza kuchipua yakiwa bado yamesimama shambani. Sijawahi kuona jambo hili. Mbegu zinaota majani hewani, juu ya mabua yake.

Kupalizwa kwa Mama Yetu
Bibi Sabina amekuja hadi mlangoni pa ofisi na kikapu cha mayai, kana kwamba anauza.

"Karani mzima anajificha nyuma ya meza," alisema. "Nilidhani shule inawafanya watu warefu."

"Bibi, tafadhali. Wanasikia."

"Wasikie. Mimi nimewaambia wote, hata punda wa kinu anajua. Nimeambiwa neno langu ni kelele za kuku. Haya, jogoo ni wewe. Unawika lini?"

"Bwana Drogo atanifukuza."

Aliweka kikapu chini, akavuta pumzi. "Atakufukuza, mwanangu," alisema. "Sikudanganyi. Atakufukuza na wala hatapata taabu ya usingizi."

Nilitarajia aendelee, aniambie Mungu ataniona, au kitu kama hicho. Hakuendelea. Alichukua mayai yake akaondoka.

Mtakatifu Bartolomayo
Ng'ombe watatu wa bwana wamekufa kwato zikiwa zimeoza. Watu wanaanza kuvuna walichonacho kabla hakijaisha kuoza. Nimepita shamba la Isolda. Aylwin anakata shayiri iliyochipua na kuifunga miganda kana kwamba ni nafaka.

"Utafanyia nini hiyo?" nilimuuliza.

"Nitaitazama," alisema. Kisha akacheka kidogo. "Nilimwahidi Isolda sitaacha kitu shambani. Yeye alikuwa akinisema mimi ni mchungaji tu, najua kutembea nyuma ya vitu."

Nilisimama ng'ambo ya ua. Niliandika humu kwamba ana mdomo. Niliporudi nyuma kusoma niliona aibu. Anaongea kama mtu ambaye hajawahi kufikiri kwamba kuongea kunaweza kumdhuru.

"Ukipoteza utakwenda wapi?" niliuliza.

"Kondoo wa vilimani wamekufa, karani. Hakuna anayetaka mchungaji mwaka huu." Alifunga mganda. "Na wao wawili wako hapa."

Nilimwambia nitakwenda Askeby. Nilisikia maneno yakitoka kabla sijayapima, na mimi kwa kawaida hupima. Aliacha kazi. Hakunishukuru. Alikuja hadi kwenye ua, akaweka mkono wake juu ya mkono wangu, akarudi kukata.

Jumatano
Nimejuta tangu nilipoamka.

Alhamisi
Bado najuta. Bwana Drogo alinisifu kwa mwandiko.

Mkesha wa Kuzaliwa kwa Bikira
Mvua. Nimefunga nguo zangu kwenye kitambaa. Zimetosha kitambaa kimoja.

Ijumaa, Askeby
Nitaandika yote, kisha sitaandika tena kuhusu siku hii.

Mahakama ilikaa kwenye ukumbi wa ngome, moshi tele, kila mtu ananuka sufu iliyolowa. Watu kumi na wawili wa kiapo, watakaoamua, walikaa kwenye mabenchi upande mmoja. Hakimu ni mzee mwenye mafua. Nilimwogopa hadi nikamsikia akipiga chafya. Humo ndani husemwa Kifaransa, kama katika mahakama zote za mfalme, na Aylwin hajui Kifaransa hata neno. Alisimama kifua mbele, kwenye koti alilooshewa na Bibi Sabina, akiangalia midomo ya watu.

Jina langu lilipoitwa, Bwana Drogo alikuwa amekaa karibu na Warin. Nilipita mbele yake. Uso wake haukubadilika, ila aliacha kula kipande cha jibini alichokuwa nacho mkononi.

Niliapa. Nilisema nilikuwa chini ya upenu wa nyumba ya Isolda, kwamba nilimsikia mtoto akilia mara moja kwa kirefu na mara mbili kwa kifupi, na kwamba nilimpelekea baba habari. Sauti yangu ilikuwa nyembamba, lakini haikukatika. Wale kumi na wawili wakaanza kunong'onezana wakitikisa vichwa kwa kukubali. Aylwin alinitazama mimi, akawatazama wao, akatabasamu.

Wakili wa Warin aliinuka. Ni kijana, si mkubwa kwangu kwa miaka mingi, na anasema taratibu.

"Mlango ulikuwa umefungwa?"

"Ulikuwa wazi. Wakunga huufungua uzazi ukiwa mgumu."

Wakili alimgeukia hakimu, lakini hakimu akapunga mkono. "Nyumba ikiwa na mlango wazi haiachi kuwa nyumba. Endelea."

Nilidhani tumevuka.

"Siku ile mvua ilinyesha," alisema wakili.

"Ndiyo, bwana."

"Ulisema kubwa sana. Ulimwambia msimamizi wako hivyo, naye yuko hapa. Mvua juu ya paa, mvua matopeni, wewe uko nje, mtoto mchanga yuko ndani, nyuma ya ukuta wa udongo. Mimi nimejaribu, karani. Juzi nilisimama nje ya nyumba hiyo hiyo kwenye mvua nikamwambia mtu aimbe ndani. Sikusikia kitu. Wewe ulisikiaje?"

Wale kumi na wawili wakaacha kutikisa vichwa. Niliona wanaanza kuniona mwongo. Ndilo jambo nililoogopa kuliko kufukuzwa, kwamba nitasema kweli na isiaminiwe. Nikafanya kama nilivyofundishwa. Nikaeleza sawasawa.

"Ukuta huo haukuwapo siku ile, bwana," nilisema. "Kiambaza cha kaskazini kilikuwa kimeporomoka kwa mvua wiki iliyotangulia. Zilikuwa ngozi za kondoo tu zimetundikwa kwenye fito. Aylwin alikikandika baada ya mazishi. Ndiyo maana nilisikia kila kitu."

Wakili alimtazama hakimu. Sidhani alikuwa akiwinda jambo hilo. Aliliona tu limekuja kulala miguuni pake.

Hakimu ndiye aliyeuliza. Alifuta pua kwanza.

"Kwa hiyo mtoto alipolia, nyumba ilikuwa na kuta ngapi?"

Nilielewa hapo. Niligeuka nikamtazama Aylwin. Bado alikuwa akitabasamu, maana nilikuwa nimesema kwa muda mrefu na bila kusita, naye alidhani maneno mengi ni mambo mema. Akanitikisia kichwa, kunitia moyo.

"Karani," alisema hakimu.

"Tatu, bwana," nilisema.

Wale kumi na wawili waliondoka kushauriana na hawakukawia. Walisema wanaamini mtoto alizaliwa hai, na wanaamini alilia. Lakini hakusikika ndani ya kuta nne, kwa kuwa kuta nne hazikuwapo. Ardhi iende kwa Warin.

Watu walianza kuinuka na kuvaa makoti. Aylwin alinijia akiwapenya.

"Wamesemaje, karani?"

Nilitafuta Kiingereza cha kusema. "Wamekubali kwamba alilia."

"Ee," alisema. Alifumba macho. "Ee, Isolda."

"Aylwin. Wamempa Warin."

Alifumbua macho.

"Wanasema nyumba ilikuwa na kuta tatu. Sheria inataka nne."

Alilifikiria. Aliinamisha kichwa kama anavyofanya akisikiliza mnyama aliye mbali. Nilingoja anipige, nikatamani anipige.

"Nilikuomba siku mbili," alisema.

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayekumbuka mahali alipoacha kisu chake. Kisha akaenda kumtafuta Bibi Sabina, aliyekuwa nje mvuani, maana wanawake hawakuruhusiwa kuingia.

Jumamosi
Nilirudi kuchukua kitambaa changu cha nguo. Bwana Drogo alinikuta mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Nilidhani, bwana..."

"Nami nilidhani. Nilipokuona unapita mbele yangu, nilisema huyu leo ananizika." Aliniwekea mkono begani. "Kumbe. Wakili mwenyewe asingeweza. Unafungua mdomo unasema kweli tupu, na bonde linaanguka kwenye mapaja yetu. Utakula mezani kwangu kuanzia leo."

Nimekula mezani kwake.

Msalaba Mtakatifu
Mvua. Bibi Sabina alipita njiani nikamsalimu. Aliitikia. Ni hilo tu, aliitikia kama wanavyoitikia watu wasiofahamiana.

Mtakatifu Mathayo
Aylwin ameondoka. Alipitia makaburini kwanza. Padre anasema alimwomba asiruhusu kondoo kulala juu ya kaburi, padre akamwambia hakuna kondoo waliobaki. Alielekea kaskazini na miganda miwili ya shayiri iliyochipua mgongoni. Sijui ya nini.

Mtakatifu Mikaeli
Leo Warin amekabidhiwa ardhi. Nilitakiwa kuwapo niandike. Kwa desturi afisa wa mfalme hukata bonge la udongo lenye majani, humpa mwenye haki mkononi, na kuanzia hapo ardhi ni yake. Afisa alikata, lakini halikuwa bonge. Lilikuwa tope. Lilimpita Warin kati ya vidole likarudi lilikotoka. Akajaribu mara ya pili. Mwishowe Bwana Drogo akasema, "Andika amepokea," nami nikaandika amepokea.

Warin alizunguka nyumba akiitazama. Aliposhika kiambaza cha kaskazini alishangaa.

"Kazi nzuri hii," alisema. "Alikikausha vipi katika mwaka kama huu?"

Waliingia ndani kunywa, wakafunga mlango kwa sababu ya baridi. Mimi nilibaki nje kukunja hati. Mvua ilianza tena, nikasogea chini ya upenu, pale pale niliposimama siku ile. Nilikigonga kiambaza kwa kifundo cha kidole. Ni kinene, kimeshindiliwa vizuri, alama za vidole vyake zimekaukia juu yake kutoka chini hadi juu. Nikaweka sikio. Walikuwa ndani, Warin na Bwana Drogo, na Warin ni mtu wa sauti kubwa.

Sikusikia kitu.